Sodiamu Ndani ya Mafuta ya Nazi

Siku niliyokabidhi funguo za maabara, Zuhura, mwalimu kijana aliyechukua nafasi yangu, aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, jedwali la elementi wewe ulikuwa walifundishaje?" Nikamwambia, mwanangu, hilo halijibiki tukiwa tumesimama mlangoni, ngoja nifike nyumbani nikae. Sasa nimekaa. Kuku wangu wananishangaa kwa nini niko uani saa nne asubuhi, na sina kisingizio tena. Haya ninayoandika ni yake, na ya wenzake wanaoanza kufundisha kemia katika shule zetu hizi za Kwale. Nani alipandishwa cheo na nani alirukwa sitayasema. Hayo mtayasikia kwenye chumba cha walimu hata msipotaka.

Jina langu ni Mutheu. Wazazi wangu walitoka Ukambani wakaja kulima kwenye skimu ya makazi huku juu, mimi nikazaliwa huku, nikacheza na watoto wa Kidigo na wa Kiduruma mpaka Kiswahili changu kikawa cha huku. Nikienda kwa ndugu zangu Machakos hunicheka, ati naimba badala ya kusema. Nawaacha wacheke. Shule niliyofundisha miaka yangu yote ni ya kutwa, ukitoka Kikoneni kwa boda boda hata hujamaliza kusalimiana na dereva umefika.

Siku ya kwanza nilipoingia maabara nilitafuta jedwali kabla sijatafuta kiti. Lilikuwepo, limetundikwa ukutani, karatasi kubwa ya rangi. Lakini mchwa walikuwa wamepanda upande wa kulia wakala safu nzima ya mwisho, kutoka juu hadi chini, na kuacha nyingine zote. Heli, neoni, agoni na wenzao, zile gesi zisizotaka kujichanganya na mtu, zote zimeliwa. Nilipouliza kama tutapata karatasi nyingine, nikaambiwa inakuja. Nimestaafu, na kwa taarifa yenu bado inakuja.

Aliyenipokea alikuwa Babu Bakari, mtunza maabara, Mdigo wa Msambweni, mtu mwembamba mwenye kofia nyeupe isiyopata doa hata siku ya kumwaga asidi. Shule aliiacha darasa la nne. Nikaona chupa nyingi rafuni hazina karatasi za majina, maana mende wa kwetu hula gundi, na karatasi huanguka. Nikamuuliza, "Babu, sasa hizi mwazijuaje?"

"Usiulize chupa jina lake, mwalimu," akanijibu. "Uliza imekaa na nani."

Nilikuwa nimetoka chuoni juzi, kichwa changu kimejaa. Nikamwambia hayo si mambo ya sayansi. Jumamosi nikaja peke yangu, nikabandika karatasi mpya, nikapanga chupa zote kwa herufi, A mpaka Z, nikarudi nyumbani najipongeza. Jumatatu nikakuta rafu yote imefunikwa unga mweupe, kana kwamba mtu amepepeta unga wa mahamri. Kwa kufuata herufi nilikuwa nimeiweka amonia bega kwa bega na asidi ya chumvi, vifuniko vyenyewe vimelegea, na mvuke wa hii na mvuke wa ile vimekutana vikafanya yao. Babu Bakari hakunigombeza. Alivua kofia, akaitazama rafu, akasema, "Umewaoza watu wasiopatana." Kisha akaanza kupanga upya mmoja mmoja, na mimi nikashika kitambaa nikapangusa.

Ningekuwa mwepesi wa kuelewa, ningejua siku ile ile kwamba amenifundisha jedwali. Lakini mimi si mwepesi. Nilichukua miaka.

Sikilizeni nilivyokosea, ili ninyi mkosee kwa njia nyingine. Watoto wetu wengi wamepitia madrasa, na kuhifadhi kwao si kazi. Ukimpa mtoto wa huku ukurasa leo, kesho anakurudishia mzima bila kukosa nukta. Mimi nikaona nimeokota dodo. Nikawafundisha elementi ishirini za kwanza kwa kuimba, haidrojeni mpaka kalsiamu, darasa zima likiyumba kama upepo umelipiga. Mwalimu mkuu akipita na wageni alikuwa akisimama dirishani na kutabasamu. Nikavimba kichwa, sitaficha.

Kinara wa kuimba alikuwa msichana aitwaye Mwanaidi. Alikuwa wa Jego, kule kusini kabisa, lakini alikaa kwa shangazi yake Kikoneni ili asome. Mdogo wa mwili, sauti kubwa, kimbelembele kidogo, mikono yake haitulii. Akiona bawaba inalia ataipaka mafuta, akiona kiti kinacheza atatafuta jiwe. Alitaka kufanya kazi ya maabara hospitalini, kupima damu. Alilijua hilo tangu kidato cha kwanza, na alimwambia kila mtu hata asiyeuliza.

Alipofika kidato cha tatu, muhula wa pili, tukafanya mtihani wa kufungulia shule. Swali la jedwali lilikuwa la namna ile mnayoijua: kijedwali kitupu, ndani yake herufi chache, na chini yake imeandikwa kwamba herufi hizi si alama halisi za elementi. Aliyetunga alikuwa ameiweka herufi K kwenye safu ya saba, upande wa klorini. Darasa langu lote, nasema lote, likaandika kwamba K ni potasiamu. Wakaona C pale panapokaa magnesiamu, wakaandika kaboni. Mwanaidi alipata alama mbili kati ya kumi na tatu. Mtihani mzima wa kemia akapata ishirini na saba.

Alinijia na karatasi mkononi, macho yamemwiva. "Mwalimu, mimi nimehifadhi zote. Walipoziondolea majina nikawa sijui naangalia nini."

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimewafundisha kuimba majina ya watu bila kuwaonyesha nyumba zao.

Na mambo yalikuwa yamembana kuliko nilivyojua. Siku chache baadaye shangazi yake alikuja kunieleza. Mjomba wa Mwanaidi alikuwa bawabu wa hoteli moja Diani, na amempatia nafasi katika chumba cha kufulia mashuka. Kazi ya halali, mwezi ukiisha unalipwa. Baba yake, Mzee Kassim, alikuwa ameyaona matokeo, akatoa neno lake: mtihani wa mwisho wa muhula, Mwanaidi asipofikisha hamsini katika kemia, ataacha shule aende Diani. Akifikisha, ataendelea mpaka mwisho. Shangazi aliniambia hayo huku akikunja kanga yake, akaongeza, "Si mtu mbaya, kaka yangu. Anaogopa mtoto apoteze vyote viwili." Nikamwelewa. Lakini usiku huo sikulala vizuri, maana mtoto alikuwa amebakisha wiki kumi, na aliyempoteza njia nilikuwa mimi.

Asubuhi nikamwendea Babu Bakari, nikamweleza. Akacheka, si kwa ubaya. "Mwalimu, ukifika kwa watu huku, watu wazima wakuuliza jina kwanza?"

"Hapana. Huniuliza natoka wapi."

"Na wa ukoo gani, mlango gani, na jirani yako nani. Ikifika zamu ya jina wameshakujua, jina ni la kukuitia chai tu. Basi hao watoto waulize hivyo."

Nikatwaa chokaa, nikachora jedwali uwanjani, karibu na tangi la maji. Visanduku kumi na saba vya watu, na upande wa kulia visanduku vitatu vitupu vya ile safu iliyoliwa. Kila mwanafunzi akasimama mahali pake, na sheria ilikuwa moja: jina marufuku. Nikipita naulizia mambo matatu. Uko mstari wa ngapi? Maana mstari unaolala wakwambia atomu ina mizunguko mingapi ya elektroni. Uko safu ya ngapi? Maana safu inayoshuka yakwambia mzunguko wa nje kabisa una elektroni ngapi. La tatu: sasa wewe wataka kutoa au wataka kupokea?

Tunafundisha kwa Kiingereza kwa sababu mtihani ni wa Kiingereza, lakini uwanjani pale tulielewana kwa Kiswahili, na anayeshtuka alishtuka kwa Kidigo. Wa safu ya kwanza alikuwa na elektroni moja nje na anatafuta wa kumpa. Wa safu ya saba alikuwa na saba, anatafuta moja atimize nane. Mwanaidi alikuwa kisanduku cha kumi na moja, cha sodiamu, safu ya kwanza, mstari wa tatu. Nyuma yake, kisanduku cha chini, cha potasiamu, alisimama kijana mrefu.

"Nyote wawili mwataka kutoa," nikawaambia. "Nani atatoa upesi zaidi?"

Mwanaidi akageuka kumtazama mwenzake. "Yeye ana mizunguko minne, mimi mitatu. Elektroni yake iko mbali na kiini kuliko yangu. Hakiwezi kuishika sana." Akafikiri. "Yeye, mwalimu. Aliye chini."

"Na aliye chini yake yeye?"

"Hayupo, mwalimu. Chokaa imeishia hapa."

"Sikukuuliza kama yupo."

Akainamisha kichwa akazitazama nyasi tupu nyuma ya yule kijana. "Atakuwa mkali zaidi," akasema pole pole.

Tukahamia upande wa mchwa, nikawauliza nani anakaa pale pasipo na mtu. Walibishana mpaka kengele ikalia, na walipotoka walikuwa wamewapata: watu walioshiba, nje wametimia, hawatoi wala hawapokei. Tangu siku hiyo nikaacha kuwachukia wale mchwa.

Sasa nifike kwenye chupa. Mwajua sodiamu na potasiamu haziachwi wazi. Hufichwa ndani ya mafuta ya taa zisikutane na maji wala hewa. Na joto letu hili hunywa mafuta ya taa. Kila baada ya majuma machache unatazama chupa unaona chuma kimetoa kichwa. Kidumu cha akiba kilikuwa kimekauka, na mimi nilikuwa nimesema nitaleta mafuta kesho, wiki mbili nzima za kesho. Ufunguo wa kabati nao nilikuwa nautundika kwenye msumari mbele ya macho ya kila mtu. Yaandikeni hayo mawili kwenye hesabu yangu kabla hamjasoma zaidi.

Ijumaa moja, siku nane za masomo zimebaki kufika mtihani, Mwanaidi alikuwa zamu ya usafi. Akaona sodiamu imechungulia. Akatafuta mafuta ya taa, hakuna. Kwao Jego upepo wa chumvi hula kila chuma, na kila nyumba hupaka panga, bawaba na cherehani mafuta ya nazi. Alikuwa na kichupa cha shangazi yake mkobani. Akafikiri: nazi hukinga chuma, na mafuta hayapatani na maji. Akaijaza ile chupa, akafunga, akaenda nyumbani na roho safi. Jumatatu asubuhi akaja na kichupa kingine, na kabla ya gwaride, akiona ile ya sodiamu bado imetulia, akaijaza chupa ya potasiamu pia.

Kipindi cha kwanza nikaingia na darasa. Kutoka kwenye kabati kulikuwa na harufu ya vitu viwili, nazi na mahali pa kufulia. Kifuniko cha chupa ya sodiamu kilikuwa kimerushwa kando, na uji mweupe umefurika ukashuka mpaka rafu ya chini. Babu Bakari akainama, akanusa kwa mbali. "Hii ni sabuni," akasema. Sodiamu ilikuwa imekula mafuta ya nazi na unyevu wake, ikayageuza.

"Nani ameshika chupa hii?" Sauti yangu nadhani waliisikia mpaka barabarani.

Mwanaidi akainua mkono. "Mimi, mwalimu."

Nikapandwa na mori. Nikamwambia maneno ambayo sitayarudia hapa, kuhusu mikono isiyotulia na watu wanaojifanya wanajua. Yeye amesimama pale pale. Nikiwa katikati ya maneno hayo, Babu Bakari alinyoosha mkono akaitoa chupa ya potasiamu kabatini, vidole vyake tayari vimeshika kifuniko.

"Babu, usifungue!" Mwanaidi akapiga ukelele. "Iko chini yake! Babu, iko chini yake!"

Niligeuka nimkemee kwa kumpigia mzee kelele, ndipo nikaelewa. "Na hiyo pia ulitia nazi?"

"Leo asubuhi. Mwalimu, ile ya juu imengoja tangu Ijumaa. Hii haitangoja."

Babu Bakari alikuwa bado ameishika. Alisema kwa utulivu, kama anaeleza hali ya chai, "Yapata moto."

Nikawaambia watoto watoke, wote, pole pole, mpaka ng'ambo ya tangi la maji. Mwanaidi alisogeza ndoo ya mchanga mkavu kabla hajatoka, sikumwagiza. Babu akaizika chupa humo mpaka shingoni, tukashika mpini wa ndoo mmoja huku na mmoja huku, nyuso tumezigeuza nje, tukatembea mpaka shimo la takataka. Yeye alikuwa anasoma dua yake kwa sauti ya chini na mimi nasali ya kwangu. Tukaishusha, tukarudi nyuma tukiwa hatukimbii wala hatutembei. Tulikuwa hatujafika kwenye kona ya choo tukasikia, pwaa! Kifuniko kikaruka, na juu ya mchanga ukasimama mwali wa zambarau, zambarau ile ile waliyokuwa wameihifadhi kwenye daftari bila kuiona. Hakuna aliyeumia. Nilikaa chini kwenye nyasi na sketi yangu ya kazini, nikalia kidogo, na Babu Bakari akajifanya anatazama mawingu.

Najua mtaniuliza, na vitabu vyenu vya usalama vitaniuliza: kwa nini tuliibeba? Tungetoka wote tukafunga mlango. Kweli. Fanyeni hivyo ninyi.

Mwalimu mkuu hakuwa na simile. Mwanafunzi kaingilia kemikali bila ruhusa, adhabu ni wiki mbili nyumbani, na mzazi aitwe. Nikamwambia kosa ni langu, mafuta sikuleta, ufunguo niliuacha. Akasema nitapata barua yangu, lakini sheria ni sheria. Wiki mbili zingeumeza mtihani wote, na mtihani ukimezwa, Diani. Mwanaidi alijua. Alikaa kwenye benchi nje ya ofisi, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, mikono yenyewe imetulia kwa mara ya kwanza tangu nimjue, na kuiona imetulia vile kuliniumiza.

Kesho yake Mzee Kassim akaja kutoka Jego. Mtu mkubwa, shati limepigwa pasi, viatu kavishika mkononi mpaka getini ndipo akavivaa. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akataka aone mahali penyewe kabla ya kuzungumza ofisini. Tukaenda maabara, mimi, yeye, mwalimu mkuu na binti. Nikamweleza yote. Alisikiliza akitazama alama nyeupe iliyobaki rafuni.

"Lakini mwalimu," akasema, "sisi chuma chote twakipaka nazi. Mimi ndiye niliyemfundisha."

Mwalimu mkuu akamgeukia Mwanaidi. "Kama uliijua hatari ya chupa ya pili, kwa nini ulitia mafuta?"

"Nazi ndiyo sikuijua, mwalimu," akajibu, macho chini. "Sodiamu niliijua."

Babake akamtazama. "Wewe ulijuaje kwamba ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza? Ulishaiona ikiwaka?"

"La, baba."

"Sasa?"

Mwanaidi akaenda ukutani kwenye lile karatasi lililoliwa. Akaweka kidole. "Hii ndiyo ya kwanza iliyofurika. Hii ya pili iko chini yake. Katika safu hii, ukishuka, ukali wazidi, kwa sababu elektroni ya nje yakaa mbali na kiini na yatoka upesi."

Mzee Kassim akasogea. Kidole chake kinene kikashuka zaidi. "Na hii?"

"Hiyo hatuna hapa. Ni kali zaidi."

"Na hii ya chini kabisa?"

"Hiyo, baba, mwalimu asema hata wenye maabara kubwa hawajapata ya kujaza kijiko. Yajimaliza yenyewe kabla hujaishika. Lakini hapa ndipo kwake, na tabia yake ni ya hawa wa juu yake."

Mzee hakukiondoa kidole pale chini. Mwalimu mkuu akatazama saa yake, kisha akaacha kuitazama.

"Hujaiona, na waijua," akasema Mzee Kassim. Hakusema kwa kuuliza. Akamgeukia mwalimu mkuu. "Mwalimu, mpe kazi, usimpe likizo. Akija kwangu wiki mbili, harudi hapa. Mjomba wake hatamngoja, na mimi neno langu nimeshalitoa, siwezi kulirudisha. Mwache afanye huo mtihani. Akianguka, aanguke kwa mtihani, asianguke kwa nazi."

Mwalimu mkuu alivuta pumzi, akazungukazunguka, akapiga piga meza kwa kalamu. Mwishowe adhabu ikawa kusugua meza na viti vyote vya maabara kila jioni mpaka muhula uishe. Mimi nikapewa barua ya onyo. Nimepokea barua nyingi kazini, na hiyo ndiyo pekee niliyoihifadhi. Msumari wa ufunguo niliung'oa siku hiyo kwa koleo.

Jioni zote za wiki ile Mwanaidi alisugua, na mimi nikakaa kwenye kiti kikavu nikimtupia herufi. "Nimekaa safu ya pili, mstari wa tatu." "Watoa mbili." "Nimekaa safu ya saba, juu kabisa." "Wapokea moja, na huko ni kinyume, mkali ni wa juu." Babu Bakari alikuwa akifunga madirisha akichelewesha makusudi.

Mtihani ulipofika, swali la jedwali lilikuwepo, na safari hii mtungaji alikuwa ameiweka K kwenye ile safu iliyoliwa na mchwa. Niliposimamia chumba nilimwona Mwanaidi akifika kwenye swali hilo. Alitabasamu peke yake, akaandika kwamba K ametosheka, hatoi wala hapokei. Nilisahihisha karatasi yake mara tatu kwa kuogopa nampendelea, kisha nikampa mwalimu wa fizikia aisahihishe mara ya nne. Sitini na nne.

Mzee Kassim alilishika neno lake. Mwanaidi alimaliza kidato cha nne, akaenda chuo, na sasa anapima damu katika hospitali moja ya pwani yetu hii. Babu Bakari alistaafu kabla yangu, yuko Msambweni, kofia bado haina doa.

Lakini kuna jambo moja, Zuhura, na ndilo hasa lililonifanya nikae kuandika. Januari iliyofuata kisa kile, siku shule inafunguliwa, Mzee Kassim alishuka kwenye boda boda akiwa na kidumu cha manjano cha lita tano. Mafuta ya taa. "Haya ni ya maabara," akaniambia. "Ya nazi tutapaka mapanga." Kila Januari tangu hapo amekuja, hata mwaka ambao Mwanaidi alikuwa ameshamaliza zamani, hata mwaka ambao mguu ulimsumbua akaja na mkongojo. Hukabidhi kidumu, hunywa maji, kisha huniuliza, "Ile ya chini kabisa mmeipata?"

Januari hii atakukuta wewe. Mwamkie, mpe kiti na maji. Atauliza. Usimcheke, na usimwonyeshe kwenye hiyo projekta yako. Mpeleke ukutani kwenye karatasi la mchwa, uweke kidole juu kabisa ya safu ya kwanza, ushuke naye kisanduku kimoja kimoja mpaka chini. Mwambie, bado, mzee. Atakujibu, "Lakini yajulikana." Sema ndiyo, yajulikana. Kisha pokea mafuta uyatie kwenye chupa siku hiyo hiyo, usingoje kesho.